Mashine Chini ya Sinki

Jumanne, 9 Agosti 1955. Meru.

Leo nimejiita fundi. Mdomo wangu huu!

Memsahib Pellman, mke wa mmisionari wa Kiamerika ninayemfanyia ukarani, amepata sinki jipya. La zamani lilipasuka, na mashine yake, ile inayosaga makombo chini ya sinki, imekaa sakafuni mwezi mzima. Akauliza nani anaweza kuirudisha. Elmi, mwenye lori kutoka Majengo aliyeleta sinki, akaanza kusema ataitazama. Nikamkatiza. Nikasema kazi hiyo niliisomea Nairobi. Nairobi nilisomea kupiga taipu.

Sababu ninayo. Memsahib ameahidi kumwandikia fundi barua apewe pasi ya safari. Katika Hali hii ya Hatari, bila pasi huendi popote. Nami lazima nifike Kianjokoma kabla baba yake Cicily, msichana ninayemtaka, hajamwoza kwa mwalimu mmoja mwenye baiskeli. Mzee Nthiga, mpishi wetu, naye anaitaka pasi. Binti yake amejifungua huko Ishiara, mjukuu wa kwanza. Lakini yeye alisema kweli, kwamba hajui. Shauri yake.

Jumatano, 10 Agosti.

Nimesoma karatasi ya maelezo saa nzima. Picha haikueleweka. Kumbe nimeishika juu chini.

Mashine ni nzito kama mbuzi aliyeshiba. Nililala chali, nikaiinua kwa magoti, maji machafu puani. Karatasi inataka dawa fulani ya kuzibia tundu la sinki. Haipo. Nikachota unga wa ngano jikoni, nikakanda, nikaziba. Safi kabisa! Vipande vitatu vya chuma vimebaki. Nimevizika kwenye maua. Waamerika hupenda kuzidisha.

Memsahib akawasha. Ikanguruma. Akapiga makofi. Elmi akauliza nimeziba na nini. Nikamjibu kwamba ni siri ya kazi.

Ijumaa, 12 Agosti.

Aibu. Aibu tupu.

Bwana afisa wa pasi alikuja kula chakula cha mchana. Memsahib akataka kumwonyesha mashine. Akaiwasha. Ikaanguka! Maganda ya viazi yakaruka hadi kwenye soksi za afisa. Memsahib akaona unga uliolowa, akapiga kelele: nani mwenye unga hapa ila mpishi? Afisa akasema kuharibu mali ya Mzungu siku hizi si mchezo. Askari wake wawili wakamchukua Mzee Nthiga, aproni bado kiunoni.

Mzee aliniangalia. Mimi nikaangalia dari. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ni mimi. Nikamuuliza afisa kama angependa taulo.

Jumamosi, 13 Agosti.

Sijala tangu jana. Nimekwenda kituo cha askari mara mbili kuungama. Mara ya kwanza nikaishia langoni. Mara ya pili askari akaniuliza nataka nini. Nikasema nimepotea njia.

Karwirwa, mke wa Mzee Nthiga, alikuwa ameketi nje na kikapu. Akanishukuru kwa kuja kumjulia hali mumewe. Akanipa kiazi kitamu. Nikakila chote. Hata hilo ni aibu.

Jumatatu, 15 Agosti.

Elmi alileta mafuta ya injini ya umeme. Akapiga magoti chini ya sinki, akabandua kipande cha unga, akakiweka ulimini. Akatema.

“Mama,” akamwambia Memsahib, “chapati za huyu mzee nimekula miaka mitatu. Hawezi kukanda unga bila chumvi. Huu umekandwa na karani.”

Wote wakanigeukia. Nilifikiria kuwasingizia panya, Mungu anisamehe. Kisha nikamkumbuka Karwirwa pale nje. Nikasema ni mimi. Sauti ilitoka kama ya kuku.

Kituoni nikayarudia hayo mbele ya askari wote. Wakacheka mpaka wakashika meza. Mzee Nthiga akatoka, aproni kiunoni. Nilingoja anitukane. Akasema tu: “Kijana, ungeniambia, ningekukandia mimi.”

Afadhali angenipiga.

Alhamisi, 18 Agosti.

Elmi amefukua vipande vyangu kwenye maua na mashine inasaga. Barua ya pasi, ambayo sasa ilikuwa haki yake, alisema apewe mzee. Mimi nimepewa ndoo ya kupelekea nguruwe mabaki, kila asubuhi, hadi Memsahib atakaposahau. Yule mama hasahau.

Jumapili, 28 Agosti.

Mzee Nthiga alirudi jana kutoka Ishiara. Mjukuu ni mnene, mashallah, kama asemavyo Elmi. Habari za Cicily alinipa kwa upole: mwalimu ameshapeleka mbuzi wa posa. Nikasema namtakia heri. Sikumtakia.

Leo kanisani mchungaji alitangaza kwamba kinanda kimekuwa bubu tangu Ijumaa. Akauliza kama kuna mtu yeyote anayeelewa vinanda. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Mzee Nthiga, aliyeketi kando yangu, akaushika, akaushusha taratibu hadi gotini, akaukandamiza kwa kiganja chake.

Nikainua wa kushoto.