Cheti cha Kutotulia

Jumatatu, 7 Juni 1993

Hidaya ameondoka asubuhi kwenda kwao Vuga. Amebeba cherehani. Mwanamke anayekwenda kusalimia wazazi habebi cherehani.

Sababu ni harusi ya Jumamosi. Mdogo wake, shemeji yangu Bakari, alikuwa anaoa. Mimi nilipewa kazi moja tu: kumchukua shehe hapa Lushoto na kumfikisha Vuga kabla ya adhuhuri. Hadi Soni mambo yalikwenda vizuri. Hapo nikamwomba shehe anisubiri dakika mbili barazani, kwa sababu mwenye duka la jirani alikuwa na deki ya video kutoka Dubai, na ilikuwa imegoma kuwaka. Mimi ni fundi redio. Ningefanyaje? Nilipoinua kichwa deki inawaka, jua limeshainama, na shehe amesharudi kwake kwa lori tupu. Bakari akaozeshwa magharibi na mwalimu wa madrasa. Pilau ilikuwa imekwisha.

Hidaya hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha.

Lakini mchana, neema. Redio ya mteja imepona mikononi mwangu katikati ya kipindi cha afya. Mtaalamu anasema kuna watu wamezaliwa na maradhi ya kutotulia. Wanaanza kumi, wanamaliza moja. Wanasahau walikotumwa. Si uvivu, si dharau, ni ubongo. Wanapimwa na daktari. Nilisikiliza mpaka mwisho nikiwa nimesimama na bisibisi mdomoni.

Mpango: nipate cheti chenye mhuri, nikiweke mbele ya wakwe. Mgonjwa hasusiwi.

Jumanne, 8 Juni

Kwa Daktari Yohane. Huyu ndiye daktari wetu tangu yuko serikalini, kabla watu binafsi hawajaruhusiwa kufungua zahanati. Alimzalisha Hidaya binti yetu Rehema, ambaye sasa yuko shule ya bweni. Anajua kifua changu, na anajua mguu wa mama yangu kule Mtae. Nilidhani atanipa cheti nikiwa mlangoni.

Nikaeleza. Akasikiliza bila kunikatiza. Nilijikatiza mwenyewe mara mbili, kwa sababu saa yake ya ukutani ilikuwa nyuma kwa dakika tisa. Nilipomaliza kueleza nilikuwa juu ya kiti, na saa imefunguka mikononi.

Akasema maradhi hayo amewahi kuyasoma, na hacheki. Ila hayapimwi kwa damu kama malaria. Anataka mambo matatu: taarifa zangu za shule ya msingi, mtu aliyenijua kabla ya miaka saba, na maneno ya mke wangu. Akiridhika ataandika barua kwa daktari bingwa anayekuja Tanga mara moja kwa mwezi. Bingwa ndiye mwenye neno la mwisho.

Maneno ya mke. Nahitaji cheti ili mke arudi, na nahitaji mke ili nipate cheti. Tuanze na shule.

Saa ya daktari nimeirudisha ukutani. Vipuri viwili vimebaki mfukoni mwangu. Inatembea hata hivyo.

Alhamisi, 10 Juni

Taarifa zangu za shule zililiwa na mchwa mwaka nisioukumbuka. Nimetengeneza nyingine. Darasa la kwanza, 1960. "Ismaili hatulii. Ismaili yuko dirishani. Ismaili ameonekana juu ya mti wakati wa hesabu." Mwandiko wa kimwalimu, wino wa bluu. Mhuri nimeuchonga kwenye kiazi. Karatasi nimeichovya kwenye chai ya rangi, nikaianika juu ya jiko. Inaonekana imepita mikononi mwa machifu.

Nilikaa tangu asubuhi hadi alasiri sikuinuka. Wateja watatu walikuja, jirani ananiambia. Sikuwaona.

Ijumaa, 11 Juni

Daktari akaipeleka karatasi kwenye mwanga. Akaniuliza ni ya mwaka gani. Nikamjibu. Akaniuliza mwaka huo nchi hii ilikuwa inaitwaje. Nikasema iliitwa hivi hivi. Akanionyesha mhuri wangu: Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Muungano ulikuwa bado miaka minne.

Nikasema labda shule yetu ilikuwa imetangulia.

Alivua miwani akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza kazi hiyo ilichukua muda gani, na nilikula saa ngapi. Nikamwambia nilisahau kula. Akauliza kama huwa inanitokea hivyo mara nyingi. Nikamwambia habari ya deki ya video. Akaandika, akaandika. Nikamuuliza kama nimefukuzwa. Akasema, "La. Kutochomoka kwenye kitu nako kumo humo humo. Ila sasa niletee mama yako, Ismaili, na umwache aseme kweli."

Sikujua kosa linaweza kuongeza alama. Nimetoka pale naruka madimbwi.

Jumapili, 13 Juni

Mtae. Nimefika mifupa yote imebadilishana nafasi. Ukungu, sioni hata mlango wa mama.

Nikampa shikamoo, nikambembeleza aje Lushoto aseme ubaya wangu. Mama yangu, Bi Rukia, alinitazama kama niliyemtukana mama yake. Akasema, na majirani walisikia, kwamba alizaa watoto saba na mimi ndiye niliyekuwa mtulivu kuliko wote. Nikamkumbusha kwamba alikuwa ananifunga kwenye nguzo kwa kanga ili nile. Akasema hiyo ilikuwa kunikinga na upepo. Nikamkumbusha paa la msikiti. Akasema nilipenda ibada.

Nimemfundisha mchana kutwa. Nikisema "mbuzi", aseme nilipoteza sita. Anasema waliibwa. Amekubali kuja kwa sababu moja tu, mguu wake utazamwe.

Jumanne, 15 Juni

Nayaandika kama yalivyokuwa, kwa sababu sitaki kuyasahau.

Daktari alimwamkia, akautazama mguu, akaupaka dawa. Kisha akamuuliza mwanawe alikuwa mtoto wa namna gani.

"Mtulivu," mama akasema.

Nikakohoa. "Mbuzi," nikasema.

"Waliibwa."

Daktari akaniomba ninyamaze. Akamuuliza, "Mama, kwenu maji mlikuwa mnateka mbali?"

"Mbali. Bondeni kabisa."

"Ulikuwa unamtuma Ismaili?"

"Hapana. Nilikuwa namtuma dada yake mdogo."

"Kwa nini, na yeye ndiye mkubwa?"

Mama akafikiri. "Kwa sababu maji tulikuwa tunayahitaji," akasema.

Daktari aliinamisha kichwa kwenye karatasi muda mrefu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Halafu mama, bila kuulizwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba walimu walinichapa kila siku, na yeye hakujua afanye nini, ndipo akaamua kuwaambia watu kwamba mimi ni mtulivu. Aliona wakisikia kila siku, huenda nami ningesikia.

Hilo pia daktari aliliandika.

Jumatano, 16 Juni

Daktari ametoa karatasi za maswali kwa ajili ya Hidaya. Wazo la kwanza: nizijaze mwenyewe kwa mwandiko wake. Nimechonga nusu ya kiazi kabla sijakumbuka kwamba mke hana mhuri. Mama amezichukua, anapitia Vuga kwanza ndipo arudi Mtae.

Jumapili, 20 Juni

Majibu yamekuja. Maswali yalikuwa ishirini, karatasi mbili. Yamerudi na daftari la shule lililojaa hadi katikati, kwa mwandiko mzuri wa Hidaya. Tarehe zipo. Majina ya mashahidi yapo. Bakari ameongeza ukurasa wake bila kuombwa, herufi kubwa, amepigia mstari neno SHEHE mara nne.

Nimefurahi kupita kiasi. Sijawahi kupata alama hizi katika jambo lolote. Nimemsomea jirani kwa sauti. Hata ukurasa wa Bakari unanifaa, mjinga yule hajui amenipa silaha.

Ukurasa wa mwisho sikumsomea jirani. Hidaya ameandika: "Hajawahi kunidanganya alikokuwa. Anarudi amechelewa, anafurahi kuniona, ananisimulia alichokiona. Ningejua namna ya kukasirika na mlevi. Na huyu sijui nifanyeje."

Nimekunja daftari. Nimeosha vyombo vyote, mpaka cha mwisho.

Jumanne, 22 Juni

Daktari amesoma yote. Amesema anaamini ninayo. Barua ya bingwa imeandikwa, imefungwa. Miadi Jumamosi, saa nne, Tanga. Nikasema nitafika hata kwa miguu. Akanitazama, akasema atatuma salamu Vuga.

Jumamosi, 26 Juni

Basi liliposimama Soni nilimwona Hidaya barabarani na kikapu. Akapanda, akaniambia nisogee. Akasema, "Baba Rehema, nakwenda na wewe, la sivyo barua itafika na wewe utakuwa Mombasa."

Bingwa ni mama mmoja mpole mwenye kalamu tatu. Alitukalisha saa mbili nzima, akatuhoji wote. Mwisho akasema ndiyo. Nimezaliwa nayo, na sikuyataka. Dawa yake huku hakuna, lakini ziko njia: kazi moja kwa wakati mmoja, kila kitu kiandikwe ukutani, na kila Jumanne saa tisa niende kwa Daktari Yohane na mke wangu. Akapiga mhuri. Mhuri wa kweli una sauti yake.

Nilitoka nikitaka kucheza. Hidaya alikuwa amekaa kwenye benchi, analia kidogo kidogo ndani ya ushungi. Akasema, "Nilidhani unatudharau, mimi na kwetu."

Nikamwambia sijawahi hata siku moja. Akasema sasa anajua.

Tulipita Vuga. Baba mkwe alikisoma cheti mara mbili, akanipa mkono. Bakari alisema hata yeye basi ni mgonjwa. Cherehani imerudi nyumbani.

Jumanne, 6 Julai

Siku kubwa. Nimepata wazo ambalo sijui kwa nini hakuna aliyelipata kabla yangu, na siku hizi kila mtu anaruhusiwa kufungua chake. Lushoto imejaa watu wasiotulia ambao hawajui wanaumwa. Tangu asubuhi nachora kibao: KITUO CHA UPIMAJI WA KUTOTULIA, MKURUGENZI ISMAILI. Rangi mbili. Herufi za KUTOTULIA zimekataa kuenea, TULIA imeangukia mstari wa chini, lakini inapendeza kuliko nilivyopanga.

Mteja wa kwanza nimeshampata. Nimemwandikia Bakari wito rasmi. Mtu anayeweza kukaa kitako kutwa nzima bila kuinuka hata kutazama kinachopita lazima anaumwa kitu, na mimi nitakigundua. Sasa hivi namchongea mhuri, na safari hii nimeuliza kwanza jina la nchi.

Jirani amepita kunisalimia. Anasema amemwona Hidaya kwenye benchi la zahanati tangu saa tisa, yeye na Daktari wanatazama barabara. Nimemwambia awaambie nakuja, dakika mbili tu. Rangi haijakauka.

Jirani anasema ni saa kumi na moja na nusu.