Taa ya Kona Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Moyo, tulia! Gari la matangazo limepita asubuhi. Kesho mkutano wa usalama na watu wa jiji, wananchi wote waje watoe maoni, mtaa wetu utawekewa taa ya barabarani. Sio taa nyingi. Moja. Moja tu, mtaa mzima! Nikageuza shingo kusikiliza, nikabandika kioo cha kulinda simu ya mteja upande. Kimekaa kama kofia ya mlevi. Mteja akasema atapita baadaye. Wanaosema hivyo hawapitagi.

Taa ikisimama kwenye kona yangu, penye kibanda changu cha vifaa vya simu, nauza mpaka jioni, wakati watu wanatoka kazini na hela ziko mfukoni. Isiposimama, kwisha habari yangu. Giza likiingia hapa mteja haoni kava, mimi simwoni mteja, tunapapasana kama wachumba. Na Mama Watoto kashasema: hiki ndicho kibanda cha mwisho. Kikifa, naenda kubeba matofali kwa kaka yake. Shemeji! Yule anayeniita Bosi mbele za watu halafu anachekea puani.

Tatizo ni Kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Naye anaitaka taa. Nimemwona anapima kwa macho. Nikamsalimia, akaitikia vizuri mno. Mtu akikuitikia vizuri namna ile, ana lake.

Jumanne, 5 Machi

Mkutano. Dada wa jiji mchangamfu, katandaza ramani ya mtaa juu ya meza. Akasema kila mtu anapewa stika tatu nyekundu, abandike pale anapoogopa kupita. Penye wekundu mwingi ndipo taa itakapowekwa. Kubandika? Mimi? Hiyo si ndiyo kazi yangu!

Nikabandika zangu zote. Nikarudi kwenye foleni na kofia. Nikarudi tena bila kofia, na miwani ya jua. Niliporudi na skafu ya Mama Watoto, dada akaniuliza kama sisi ni ndugu. Nikamwambia ukoo wetu mkubwa sana. Waliochoka kusimama nikawagawia kava za simu, wakaniachia stika zao. Na sikubandika ovyo ovyo kwenye kona. Nimelenga kibanda chenyewe, stika juu ya stika, mpaka ikawa kama kichuguu. Kinyozi kabandika zake tatu, kazipanga vizuri, kakaa. Masikini.

Halafu dada akapiga makofi. Anataka kujua nani anakaa pale penye kichuguu, asimame aeleze yaliyompata. Yaliyonipata! Sikuwa nimejiandaa kupatwa na kitu. Mdomo ukaanza safari peke yake: kuna jamaa mmoja. Mrefu. Koti refu jeusi, hata jua likiwaka. Giza likiingia anakuja kusimama pale. Hasemi kitu. Anapumua tu. Dada akaandika kila neno. Watu wakashika vifua. Kinyozi akauliza mbona yeye yuko mkabala na hajawahi kumwona. Nikamwambia wewe si unatazamaga visogo vya watu tu. Ukumbi mzima ukacheka.

Nimeshinda!

Alhamisi, 7 Machi

Bibi wa Miwani, jirani yetu, kamwona. Kamwona! Anaapa kabisa: kasimama kwenye kona yangu, koti jeusi, anapumua. Nikamwambia bibi, labda ilikuwa nguo imeanikwa. Alinijia juu. We mjukuu wangu, si wewe uliyetuambia, leo unanigeuza mwendawazimu? Nikaomba radhi. Mwenyekiti wa mtaa naye kamwona, na wa kwake ana wenzake wawili. Wameshampa na jina. Makoti.

Matokeo yake: jua likianza kushuka, watu wote wanazunguka njia ya nyuma. Leo mteja mmoja kanunua chaja huku anakimbia. Kinyozi kafungua mlango wake wa uani, wateja wanaingilia huko wakicheka.

Na hili nakuandikia wewe tu, shajara, usinitangaze. Jioni nilisikia mtu anapumua nyuma ya kibanda. Nikatoka mbio, kiatu kimoja nimekiacha. Nilipofika nyumbani pumzi ilikuwa bado inanifuata. Ilikuwa yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Dada wa jiji karudi, kafurahi sana. Anasema usalama ni jiji na wananchi pamoja, kwa hiyo tuanzishe doria. Kaleta vizibao vya kung'aa na filimbi. Mwenyekiti akapendekeza kiongozi awe yule aliyemwona Makoti mwanzo kabisa. Makofi! Kinyozi kapiga mpaka viganja vikawa vyekundu. Nikasema jamani, mgongo. Mama Watoto akauliza mbele ya watu wote mgongo upi, mbona ule wa kulalia mzima.

Basi nimevaa kizibao. Kinanibana kwapani. Nikamvuta dada pembeni, taa lini? Wiki ijayo fundi atakuja kupima. Wiki ijayo! Nitafika?

Jumamosi, 9 Machi

Mvua tangu mchana. Doria imetoka jioni. Mimi nilikuwa mbele kwa cheo, nyuma kwa miguu. Mwenyekiti na tochi, Kinyozi na rungu. Tukafika kwenye kona.

Kasimama pale. Mrefu. Koti refu jeusi. Anapapasa kibanda changu!

Nilijua huyu mtu nimemtunga mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, na bado nikapuliza filimbi mpaka ikajaa mate. Watu wakamiminika kutoka majumbani. Mifagio. Vipande vya mbao. Jirani mmoja kanyanyua jiwe la kuuzuilia mlango. Yule mtu akainua mikono juu, na mkono mmoja una futi ya kupimia.

Fundi wa taa! Kaja mapema, kavaa koti la mvua!

Nikajirusha katikati nikapiga kelele, siye huyu, siye, Makoti ana kovu usoni! Mwenyekiti akasema hukutaja kovu. Nikasema kalipata jana. Wakashusha mikono, polepole. Fundi akanishika mabegani, nami nikamshika, kama tunacheza muziki. Kinyozi akampeleka dukani kwake, akampa taulo na kiti. Mjanja yule!

Lile jiwe lilikuwa limeshainuliwa. Jirani alikuwa ameshalifikisha juu ya sikio lake, tayari kurusha. Silali vizuri nikilifikiria. Nisilifikirie.

Jumatatu, 11 Machi

Dada wa jiji kaja na ramani yake. Katangaza kwa fahari kwamba jiji limesikia sauti ya wananchi, taa itasimama pale pale walipopaonyesha wenyewe. Akaweka kidole juu ya kichuguu changu. Pale pale! Nguzo inataka shimo, shimo linataka mahali, na mahali hapo nimekaa mimi. Kibanda kiondoke kesho.

Nikasema dada yangu, tulimaanisha kando. Kando kidogo tu. Akauliza kwa upole, mbona kando hakuna stika hata moja? Nikafungua mdomo niseme yote. Nikamwona Mwenyekiti. Nikamwona fundi, bado anaangalia mikono ya watu. Nikaangalia kizibao changu cha kuongoza doria.

Nikasema tunalishukuru jiji.

Jumatano, 13 Machi

Kibanda kimevunjwa jana, leo taa imewaka. Nzuri, siwezi kuisingizia. Inamulika ng'ambo moja kwa moja, mlangoni kwa Kinyozi, na foleni imetoka mpaka nje. Bibi wa Miwani amepita jioni peke yake, hakushika ukuta. Akanishika mkono. Eti Makoti kahama, mjukuu wangu umetuokoa. Sikujua niweke wapi uso.

Kinyozi akaniita kuninyoa bure. Anasema hicho kichwa kinafikiri sana, angalau tukipunguzie mzigo wa nywele.

Jumamosi, 16 Machi

Matofali. Shemeji kanipokea kwa heshima zote: karibu Bosi, ofisi yako ile pale. Akanionyesha rundo. Mama Watoto asubuhi kanifungia chakula kizuri. Viganja vimechubuka, kalamu naishika kwa vidole viwili kama naokota mdudu.

Lakini! Mchana gari la matangazo limepita huku. Mkutano wa usalama, Alhamisi, kwa ajili ya mtaa huu wa matofali. Wananchi waonyeshe penye hatari, na jiji litaweka mlinzi. Mlinzi! Anayekaa kwenye kiti! Na mwavuli wake, na tochi yake, na Shemeji anapita anamsalimia!

Mtu wa kutunga simgusi tena. Mtu ana nguo, na nguo kila mtu anazo, ndipo palipoharibika. Safari hii ni mbwa. Mkubwa, anakaa nyuma ya tanuri la kuchomea matofali, anamfukuza kila mtu isipokuwa mimi. Wakiuliza kwa nini, tumezoeana. Sasa hapo mlinzi mwingine zaidi yangu atatoka wapi?

Nimeanza taratibu. Nimemnong'oneza mpishi wa hapa kazini, mtu mmoja tu. Jioni karudi kuniuliza kama ni kweli mbwa huyo anafungua milango.

Sikusema milango. Lakini milango ni nzuri. Nitaiongeza.