Mlinzi wa Mwamba wa Kimuka

Jumatatu, 9 Februari 2026
Mkutano wa kulinda msitu wetu hapa Kimuka. Nyasi zimekauka kabisa, cheche moja tu na tumekwisha. Nilivaa koti la harusi, nikijua nitafanywa kiongozi. Mwenyekiti, Mama Kakenya, akampa Dahir, mwuza mbuzi, vijana wa kufyeka ukanda wa kuzuia moto. Mimi nikaambiwa nikae juu ya mwamba niangalie moshi. Kazi ya ndege.

Jumatano, 11 Februari
Jua kali. Moshi hakuna, kivuli hakuna. Nikafunga fito mbili msalaba, nikazivika kizibao changu cha reflekta na kofia. Ukitazama kutoka chini ni mimi kabisa, ila amesimama wima zaidi. Nikateremka kwa njia ya nyuma, nikalala nyumbani. Jioni mke wangu, Evalyne, akarudi kutoka sokoni akasema Mama Kakenya ananisifu sana: Mutinda hata hatingishiki. Sikubisha.

Alhamisi, 12 Februari
Nililala tena. Nikaamshwa na vishindo vya watu wakikimbia. Msitu unawaka upande wa Oltepesi. Nikavunja tawi bichi, nikawafuata. Mama Kakenya alikuwa mbele, anapiga moto huku machozi yanamtoka. Hapo niliogopa kweli. Tulipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Moto ukafika kwenye ukanda wa Dahir, ukakosa nyasi, ukazimika. Mizeituni mitatu ya porini imeungua. Nyusi zangu pia.

Nikauliza nani aliona moshi kwanza. Dahir. Alikuwa amepanda mwambani kuniletea chai. Akanivuta kando, akasema polepole, "Mzee Mutinda, yule mtu wako hanywi chai. Nimemwachia thamosi."

Hakumwambia mtu mwingine. Lazima ako na mpango.

Jumamosi, 14 Februari
Mkutano tena. Nilikaa nyuma, tayari kukana kila kitu. Mama Kakenya akasema tu kazi ya mwamba ni nzito kwa mtu mmoja, tuwe wawili. Dahir akainua mkono, akasema atakaa na mimi. Watu wakapiga makofi.

Nimefikiria njia nzima. Dahir ni mtu mzuri, na ako na macho makali. Macho manne ni mengi kwa mwamba mmoja. Nimemwomba Evalyne anishonee mto mdogo, wa kubebeka.