Mkato Uliozidi kwenye Tangazo la Msiba wa Kaka Yangu

Suame, Kumasi

Kwa Bwana Ato Quansah,
Mtunzi wa Programu ya Matangazo ya Misiba.

Pokea salamu za mfiwa. Programu yako huchukua orodha ya majina na kuigeuza sentensi ya kubandikwa ukutani. Tangazo la marehemu kaka yangu, Kwame Asiamah, limebandikwa mtaa mzima likisomeka hivi:

Watoto: ['Afriyie', 'Badu', 'Dwomoh', Hakuna, ]

Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Mabano. Watoto wa kaka yangu si mbuzi wa kufungiwa zizini.

2. Alama za nukuu. Kwa sarufi niliyofundisha hadi kustaafu, jina likitiwa nukuu namna hii, mwandishi analitilia shaka. Badu amenipigia simu kutoka Tema: "Baba mdogo, kumbe mimi ni mtoto wa kusemekana?"

3. Hakuna. Mahali pa jina la nne paliachwa patupu, programu ikapajaza "Hakuna". Jumapili mchungaji aliwaombea wafiwa wote wanne kwa majina, kwaya ikaitikia amina. Sasa shangazi zetu wanauliza Hakuna ashonewe nguo ya kipimo gani.

4. Mkato wa mwisho. Hapa ndipo panapouma. Mkato ni ahadi kwamba neno linafuata. Jana mwanamke wa Obuasi aliingia uani na mtoto wa kiume, wote wamevaa nyekundu na nyeusi za msiba, akauonyesha mkato ule kwa kidole: "Mzee, asante kwa kutuwekea nafasi." Mjane ameapa kwamba mkato usipoondolewa kabla ya Jumamosi, haketi kando ya jeneza. Mazishi bila mjane ni aibu isiyozikika.

Nilipokuja kwako ulinijibu, "Mzee, kompyuta haijui kufiwa." Basi ifundishwe: mkato kati ya majina, "na" kabla ya jina la mwisho, kisha nukta. Nukta, bwana mdogo, humaliza mambo.

Msalimie mama yako, wachapaji wote, na hiyo kompyuta ikiwa inasalimika.

Mimi, nisiyeyumba katika hili,
Yaw Frempong,
mwalimu mstaafu.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, yule mtoto amecheka uani. Mjane ameangusha mwiko. Kicheko kile, kama pikipiki inayokataa kuwaka, ni cha kaka yangu mtupu. Mjane mwenyewe amempakulia fufu. Tafadhali andika jina lake, Opoku, baada ya mkato. Nukta usiitie kwanza. Kuna mama amepiga simu kutoka Tamale.