Kondoo Wenye Vikokotoo

Jumanne, 4 Machi
Leo nimeizindua Safu ya Ndani! Mtandao wetu wa wanafunzi hauna mmiliki: kila kitivo kina seva yake, na kinachoandikwa kwenye moja hunakiliwa na zote. Uhuru mtupu. Lakini mapinduzi nayo hula umeme. Kwa hiyo nyaraka zangu kali zitasomwa na waliojisajili kwa ada tu. Binamu yangu, aliyeunda programu ya kuzifungia nyaraka hizo, akanung'unika kwamba kufuli lake linatambulika kwenye seva yetu pekee. Za wenzetu hazina habari nalo. Nikamhutubia dakika ishirini kuhusu woga wa wasomi. Akavaa vipokea sauti vyake.

Jumatano, 5 Machi
Wamejisajili wawili: mama na shangazi. Historia huanza na wachache! Nimeandika waraka wa siri kuhusu mkutano wa Jumamosi, utakaoamua kama nitabaki Mwenyekiti wa mtandao. Nimefafanua kwamba kura za kitivo cha uhandisi ni zangu, kwani wahandisi ni kondoo wenye vikokotoo: ukipiga mluzi, wanafuata. Sentensi tamu. Nimeisoma mara nne.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeingia maktabani. Meza nzima ya wahandisi ikalia: "Meee!" Waraka umo kwenye seva yao, ukurasa wa mbele, wazi, bure. Nimekimbia hadi kwa mtunza seva wao, dada mpole wanayemwita Fundi. Nimemsihi aufute. Akaniambia, bila kuinua macho, "Mwenyekiti, kanuni ya saba: hakuna seva itakayolazimishwa kufuta neno la mtu. Uliitunga wewe. Tulikupigia makofi." Kanuni nzuri sana ile!

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi umefurika. Jasho hadi kwenye soksi. Fundi akasimama. Akatangaza kwamba kura itasubiri. Nikiwaomba radhi kwa maandishi kabla ya saa sita mchana Jumatatu, wahandisi wote wataniunga mkono. Nisipoomba, nikusanye virago. Nimeokoka! Mama amepiga simu kuuliza ni lini alikubali kulipia matusi. Shangazi amejiondoa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeandika waraka wa radhi wa kulainisha jiwe. Nimemwaga unyenyekevu kurasa tatu. Na makosa ya wiki iliyopita sikuyarudia: nimemwamuru binamu azibe kila tundu, waraka huu usivuke seva yetu hata kwa nukta moja. Saa tatu asubuhi nimeuweka Safu ya Ndani. Binamu akanikodolea macho: "Sasa kaka, wahandisi watausomaje?" Nikamwambia watajisajili, kama watu wastaarabu. Akauliza kama natania. Nikaendelea kupandisha ada.

Saa sita kasoro dakika mbili. Hajajisajili hata mmoja. Vizazi vijavyo na viamue ni nani aliyeikataa suluhu!