Siku Jiko Lilipokataa Kupika

Jamani, leo nimeaibika huko Kishushe mpaka mbuzi wamekimbia. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana video ipo.

Kwa wasionijua: naitwa Mghoi, fundi wa programu, ofisi yangu ni chumba kimoja hapa Voi. Natengeneza kifaa cha kufukuza ndovu shambani. Ni kisanduku kinachofungwa kwenye nguzo. Kikihisi kitu kikubwa kinapita, kinapiga king'ora sekunde ishirini, kisha kinanyamaza chenyewe. Ndani kina kompyuta ndogo sana, na programu yake naipika kwenye kompyuta kubwa ya ofisini, ambayo naiita Jiko. Naandika maelekezo, Jiko linayageuza kuwa programu, naipakia kwenye kisanduku. Basi.

Sasa Jiko lilikuwa na vituko. Leo linapika, kesho linaunguza. Nikakaa nalo wiki tatu nikalinyoosha (nikisema nikalinyoosha, niaminini). Siku hizi halipiki upya kitu kilichokwisha kuiva. Linaangalia saa tu: maelekezo yakiwa mapya kuliko programu, linapika, programu ikiwa ndiyo mpya, linaacha. Nikabandika na kanuni zangu ukutani kwa herufi kubwa. Ya kwanza: STIMA IKIRUDI, WEKA SAA SAHIHI KWENYE JIKO KABLA YA KITU KINGINE CHOCHOTE. Betri yake ya saa ilikufa zamani, kwa hivyo stima ikipotea linasahau hata mwaka. Betri mpya zinauzwa duka la pili kutoka hapa. Msiniulize.

Leo saa mbili asubuhi nikapika programu ya maonyesho. Kikundi cha wakulima wa Kishushe walitaka kuona kisanduku saa nane mchana, ndipo waamue kama watakifunga kwenye mashamba yote au warudie kukesha wakipiga madebe. Mahindi yao yameanza kubeba na ndovu wameshayanusa. Nikakijaribu ofisini. King'ora kikalia vizuri kabisa. Kikakataa kunyamaza! Fundi cherehani wa chumba cha pili akaja mlangoni na mkasi mkononi. Nikang'oa betri haraka.

Kosa nililiona, mstari mmoja tu. Kabla sijaugusa, stima ikapotea. Nikaenda zangu kunywa chai. Karibu saa nne ikarudi, na nilipoingia ofisini nikamkuta Mwalimu Mwadime amenitangulia. Huyu ndiye mwenye nyumba. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na anaheshimu kila kitu kilichoandikwa ukutani.

"Jiko lako liko tayari, mwanangu. Nimefuata kanuni ya kwanza."

"Asante Mwalimu. Laiti watu wote wangekuwa kama wewe."

Nikarekebisha mstari wangu. Nikatupa jicho kwenye saa ya Jiko: 4:20. Nikasema moyoni, muda ninao. Nikaliamuru lipike.

Kwa kawaida Jiko huchukua dakika saba. Leo lilichukua sekunde moja. Likaniandikia: hakuna cha kupika, kila kitu kiko tayari. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikajipigia makofi.

"Mwalimu, umeona hiyo kasi? Hiyo ndiyo kazi ya wiki tatu!"

Nikapakia, nikafunga kisanduku kwa skrubu sita. Kujaribu tena? Kwanza, fundi cherehani bado alikuwa na mkasi. Pili, mimi ni mimi. Nikapanda boda nikaenda.

Kishushe nilifika nimejaa vumbi na majivuno. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Mwakio, ni mama mfupi asiyecheka ovyo. Alikuwa amewakusanya watu wote wa kikundi, na mchungaji wa kanisa juu yake. Nikafunga kisanduku kwenye nguzo, nikahutubia. Nikawaambia hakiingii maji. Nikawaambia mwizi hawezi kukifungua, wala nyani. Nikawaambia hakikosei, kwa sababu kinakopikwa hakukosewi (ndiyo, nilisema hivyo, na kwenye video nasikika vizuri).

"Na ndovu tutamtoa wapi sasa hivi?" Mama Mwakio akauliza.

Nilijiandaa. Wanaume wawili wakaingia chini ya turubai, wa mbele akatoa mkono nje uwe mkonga. Wakaja wakiyumbayumba. King'ora kikalia! Watu wakaruka, wakacheka, wakapiga makofi.

"Hesabuni pamoja nami! Ishirini ikifika kitanyamaza!"

Wakahesabu kwa sauti, hata mchungaji. Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini!

Ishirini na moja.

Wao wakaendelea tu. Walipofika themanini mbuzi wakavunja boma. Walipofika mia moja, mchungaji aliacha kuhesabu akafumba macho. Mimi nilikuwa nimekumbatia nguzo natafuta bisibisi mfukoni. Bisibisi iko Voi. Mzee mmoja akakifunika kwa koti lake, wapi! Ndovu wa mbele akatoka kwenye turubai, akaking'oa kwenye nguzo na kukitumbukiza ndani ya pipa la maji.

Mnakumbuka nilisema hakiingii maji? Hakiingii. Kiliendelea kulia humo ndani, sasa kwa sauti ya ng'ombe mgonjwa. Mama Mwakio akakitoa mwenyewe, akakiweka juu ya jiwe na kukipasua kwa panga. Kimya.

Hapo ningeomba msamaha nikaenda nyumbani. Lakini uchungu ulinipanda. Nikatangaza mbele ya watu kwamba Jiko langu halina kosa, lazima kuna mtu ameligusa, na nitawathibitishia hapa hapa. Nikampigia Mwalimu simu, nikaweka sauti kubwa ili kila mtu asikie.

"Mwalimu, leo asubuhi uligusa nini kwenye Jiko?"

"Tarehe ya leo na saa, basi, kama ulivyoagiza ukutani. Nilisubiri redio igonge saa nne kamili, nikaandika nne, sifuri, sifuri."

Nikaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mwalimu... saa nne asubuhi, kompyuta huandika kumi."

"Kumi ni jioni, mwanangu."

"Amesema kweli huyo mzee!" mtu akadakia nyuma yangu. Wengine wakaitikia, ndiyo, kumi ni jioni. Sasa nimweleweshe nani? Kwa Jiko, programu ilipikwa saa mbili asubuhi na marekebisho yangu yaliandikwa alfajiri ya siku hiyo hiyo. Ya nini kupika tena? Likanipa ile ile mbovu. Na nikakumbuka ile 4:20 niliyoiona kwa macho yangu mawili. Mimi, fundi, niliisoma saa nne na dakika ishirini nikafurahi. Nikawaambia ukweli huo. Nilitamani kuingia kwenye lile pipa.

Mama Mwakio akafuta panga lake.

"Sauti ni nzuri," akasema. "Mimi ningekuwa ndovu ningehama kaunti. Lete kingine Jumamosi. Na uje na huyo Mwalimu. Tunataka mtu anayefuata maandishi."

Nimerudi Voi, nimenunua betri. Nimelifundisha Jiko likatae kazi kabisa likiona saa yake imerudi nyuma ya mapishi ya mwisho. Nimepika upya: dakika saba kamili. Nimejaribu kisanduku kipya mara tano, kila mara ishirini ikifika kinanyamaza, na fundi cherehani ni shahidi. Jumamosi sina wasiwasi, wallahi.

Kilichoniuma kiko ukutani. Mwalimu amepita na kalamu yake nyekundu, amezungushia kanuni ya kwanza duara na kuandika: "Saa sahihi ya nani? Eleza. 4/10."

Nimemwomba aniongezee hata alama moja. Amesema atasahihisha upya tukitoka Kishushe.