Ndiyo Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa kituo ametugawia fomu. Maswali kumi na mawili: je, darasa lako linamfaa asiyeona, asiyesikia, anayetumia kiti cha magurudumu, na kadhalika. Darasa lisilofaa litafungwa mwisho wa mwezi. Mwalimu wa ufumaji alikaa na fomu yake saa nzima, anatafuna kalamu. Mimi dakika moja. Ndiyo mara kumi na mbili. Kwani uongo? Nafundisha kutengeneza cherehani mbovu kwa simu ya video, kila mtu yuko kwake. Ngazi ziko wapi? Mkuu alinitazama kwa heshima. Au kwa mshangao, sikuuliza.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe fomu zinasomwa. Nimeletewa mwanafunzi asiyeona, mama wa makamo.

Nilianza kama kawaida, kamera juu ya mikono. Nikawaambia watoe hiki, walegeze kile, wapeleke pale. Mama akauliza kwa upole: kipi, mwalimu, na pale ni wapi? Nikamwambia hiki hapa. Akasema haoni. Nikamwambia basi asikilize. Akasema anasikiliza. Wanafunzi wengine kumi na wanane wanasikia yote. Nikazima simu, nikasingizia mtandao.

Shajara hii haisomwi na mtu, kwa hiyo niseme: sijui majina ya vile vidude. Miaka tisa nafundisha kwa kunyoosha kidole. Baba mdogo aliyenifundisha naye alikuwa wa kidole. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia mama simu. Nikamsifia darasa la ufumaji hadi koo likakauka: kazi ya mikono, mwalimu ana subira, nyuzi laini. Akashukuru sana. Kisha akaeleza kwamba cherehani ya marehemu mama yake imekaa miaka minne haishoni, na mafundi watatu wameizidisha ubovu. Akiiweza hiyo, ataziweza na za majirani, ale kwa jasho lake, aache kumtegemea mdogo wake kwa kila kitu. Ndiyo maana alichagua kwangu. Mkuu alimsomea fomu yangu yote!

Mke wangu anauliza kwa nini nisijifunze tu majina. Eti kuna kijitabu cha maelezo ndani ya droo ya cherehani, kurasa thelathini. Nimemwambia asiingilie mambo ya kitaalamu.

Jumatatu, 10 Machi

Majina nimeyabuni mwenyewe. Kile chuma kilichopinda nikakiita mpinzo. Kile cha duara, kizunguto. Kizunguto! Wote wakaandika. Nilivimba kichwa nusu saa nzima, halafu nikasahau, nikakiita kizunguto mpinzo. Mama akanikumbusha, kwa upole uleule, kwamba mpinzo ni kile kingine. Hasahau kitu mwanamke huyu. Ananichosha.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimetumia akili. Nikatangaza zoezi: mama aeleze, mimi nionyeshe kwenye kamera. Nikitegemea atakwama, aombe mwenyewe kuhama.

Akaanza, huku akiipapasa cherehani ya mama yake. Shuka chini ya sindano upana wa vidole viwili, utagusa kibati laini. Kivute kuelekea kwako mpaka kiachie. Ndani kuna kikopo cha uzi wa chini, kibane kwa kidole gumba na cha pili, usikigeuze. Nikajikuta nafuata. Kikatoka! Wengine wote wakatoa vyao. Kijana mmoja, macho yake mazima kabisa, akasema leo ndiyo mara ya kwanza ameelewa. Eti kwenye simu yake ndogo mikono yangu huonekana kama mito miwili ya kulalia inapigana.

Nimemwandikia mkuu barua kuhusu njia yangu mpya ya kufundishia.

Ijumaa, 14 Machi

Mkuu kajiunga na darasa kwenye simu bila taarifa, kuiona njia mpya. Kabla sijapumua, mama akatangaza cherehani ya mama yake imepona. Akakanyaga, mlio wake tukausikia sote, safi, haukatiki. Wanafunzi wakapiga makofi. Mama akalia kidogo. Na mimi nikajikuta napiga makofi, sijui kwa nini.

Mkuu akaomba sasa nieleze mimi, mama asikilize. Nikasema, hiki. Nikakinyooshea kidole. Nikasema, hiki hapa. Mama, kunisitiri, akasema mwalimu hupenda kutuacha tufikiri kwanza. Mkuu akasema ameshafikiri. Kuanzia Jumatatu mama atafundisha, nami nitashika kamera. Mama akaomba nipewe nafasi ya kujifunza pamoja na wapya. Mimi! Na wapya!

Jumatano, 19 Machi

Kamera nimeikataa. Nimeanzisha semina yangu mwenyewe: Namna ya Kuwafundisha Wasioona. Nani ana uzoefu kama wangu? Bango nimelitengeneza kwa mkono wangu, picha tu bila maandishi, rangi nane, mimi katikati. Nikampelekea mama kwenye simu ili awe wa kwanza kujiandikisha.

Amejibu haraka, kwa upole wake. Simu yake humsomea maneno, lakini picha haimwambii kitu. Ameomba nimwandikie kuna nini.

Nimempelekea tena, kubwa zaidi.